Mashine Ile Ile, Mlango Mwingine

Jumamosi, 4 Oktoba

Bwana Adib wa kiwandani amekuja leo. Amekunywa chai yangu, amekula biskuti zangu, kisha akanivunjia heshima dukani mwangu mwenyewe. Amesema mashine ya kufulia ya Nadhifa inakwenda kama mkate wa moto hapa Mansura. Nikamwambia nilijua! Mashine ngumu ile, inaishi kuliko ndoa nyingi. Akasema ni kweli, Bwana Wagdi, inakwenda. Ila haiondoki hapa dukani kwako.

Inaondoka wapi, basi?

Sebuleni kwa Mwalimu Inshirah! Ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa, ng'ambo ya barabara. Mwalimu mstaafu wa upishi na ushonaji! Hana duka. Hana kibao. Hana hata kioo cha mbele. Ana simu, ana kundi la wanawake ndani ya simu hiyo, na ana mdomo.

Nimeuliza kama yeye anapewa mashine bora kuliko zangu. Hapana. Ile ile. Kiwanda kile kile, rangi ile ile, bei ile ile. Nikasema sasa tatizo langu mimi nini? Bwana Adib akazitazama mashine zangu zilizopangwa mstari. Akapitisha kidole juu ya moja. Akakitazama kidole. Hakunijibu. Kidole kilijibu.

Mwisho wa mwezi ataamua nani abaki na uwakala wa mtaa huu. Duka alilofungua marehemu baba! Nimemsimulia mke wangu Rauhiya, nikitegemea pole. Amesema labda ningejaribu kuwasalimia wateja.

Nawasalimia! Nawauliza wanataka nini.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimelala na fikra, nimeamka na jibu. Mashine haipendwi kwa sababu haionekani. Ni suala la mwanga! Nimefunga taa mpya dirishani, za bluu na nyekundu, zinazowaka na kuzima. Nimefuta vumbi. Mashine moja nimeivisha utepe kama bibi harusi.

Mpaka adhuhuri alikuwa ameingia mtu mmoja, kuuliza kama nimefungua duka la kinyozi.

Alasiri, mama na bintiye. Vifaa vya harusi! Moyo ukaruka. Mama akataka kufungua mlango wa mashine aone ndani. Nikamweleza kwa upole kwamba nailoni iliyoifunika haifunuliwi kabla ya kununua. Akauliza atajuaje kama blanketi lake litaingia. Nikamwambia imeandikwa kwenye boksi. Akasema hajui kusoma, baba. Nikasema basi binti asome.

Wametoka. Nimewaona wakivuka barabara, wakipanda ngazi za juu ya duka la dawa. Mama amegeuka kunitazama. Nikajificha nyuma ya friji. Dukani mwangu mwenyewe, nimejificha nyuma ya friji!

Jumatatu, 6 Oktoba

Sijui niandikeje ya leo. Mikono bado inanuka sabuni.

Nilijua sikukuu ya leo ya ushindi wa jeshi itajaza watu mtaani. Nikasema, kama tatizo ni kwamba watu hawaioni ikifanya kazi, wataiona. Nimeitoa Nadhifa mpya kwenye boksi, nimeiweka kibarazani mbele ya duka, nimeunga waya mrefu na mpira wa maji. Ndani nimetia blanketi zito la sufu. Nikapanda juu ya kreti, nikatangaza kwamba hii ndiyo mashine isiyotikisika. Kwamba ukiweka glasi ya chai juu yake, chai haimwagiki. Nikaweka glasi.

Kufua ilifua vizuri. Watu walikusanyika, wengine na watoto mabegani. Nilianza kuona fahari. Kisha ikaingia kwenye kukamua.

Bolti za nyuma! Zile zinazobana tangi lisicheze njiani kutoka kiwandani. Kila mtoto wa biashara hii anajua zinatolewa kwanza. Nami nilizikumbuka vizuri kabisa, wakati ule ule glasi iliporuka.

Mashine ilianza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Kisha ikatembea. Naapa, ilitembea! Nimeikumbatia ikanikokota. Mpira ukachomoka, povu likamwagika kibarazani mpaka kwa muuza juisi ya miwa, ambako watu walikuwa wamesimama na viatu vipya vya sikukuu. Bibi mmoja akapiga kelele: "Imechoka kukungoja, Bwana Wagdi! Inakwenda kutafuta mteja yenyewe!"

Mtaa mzima ulicheka. Muuza miwa alicheka akiwa amelowa mpaka magotini. Mashine ilisimama waya ulipochomoka ukutani. Mimi nilikuwa bado nimeikumbatia.

Niliinua macho. Simu zote zilikuwa zimeinuliwa pia.

Jumanne, 7 Oktoba

Picha zimesambaa mpaka Talkha, ng'ambo ya mto. Mwalimu Inshirah amezionyesha mubashara kwa wanawake wake, huku akikunja nguo. Rauhiya alikuwa akitazama jikoni, akaacha simu kwa sauti kubwa bila haya.

Ningefurahi kama angenitukana. Hakunitukana. Amesema: "Mabinti, msicheke sana. Bolti hazikutolewa, basi. Lakini tazameni mashine yenyewe! Imecheza namna ile, imegonga ukuta, na nasikia asubuhi imewashwa ikafanya kazi. Mnataka ushahidi gani tena wa ugumu?"

Ni kweli nimeiwasha asubuhi na imefanya kazi. Nani amemwambia?

Jioni gari la kiwandani limesimama mbele ya duka la dawa. Nimeona maboksi yakiteremshwa mpaka nimeacha kuhesabu. Aibu ni yangu, mauzo ni yake!

Nimefikia uamuzi. Kama siri iko ndani ya lile kundi, nitaingia ndani ya lile kundi. Nina simu ya zamani yenye laini nyingine. Jina: Mama Safwat. Picha: ua la waridi. Nimeomba kuingia. Wamenikaribisha kabla sijavua viatu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mpango ulikuwa mwepesi. Kupanda shaka. Nimeandika: dada zangu, mnanunuaje kitu kizito namna hii kutoka kwenye nyumba ya mtu? Akihama je?

Nilidhani watashtuka. Wamenipa pole! Wakauliza nani alinihama mimi, mbona naandika kwa uchungu. Nikalazimika kutunga. Nikasema mume wangu alininunulia mashine mbovu. Wakauliza yuko wapi huyo mume. Nikasema anaumwa. Wakauliza anaumwa nini. Nikasema yeye haumwi, mimi ndiye naumwa, nimevunjika mguu. Sasa wanawake wasionijua wananiombea dua asubuhi na jioni, na mmoja anataka kuniletea supu ya njiwa. Sijawahi kuombewa hivi na watu wanaonijua.

Nakiri, nimekaa humo kutwa. Wananifurahisha. Mmoja anauliza doa la komamanga litoke vipi, kabla hajamaliza kuandika ameshajibiwa. Mwingine mashine yake inagonga, Mwalimu anamwambia aitegee sikio upande wa kushoto, aangalie kama sarafu imeingia. Sarafu ilikuwa imeingia! Wakashangilia kama wamefunga goli.

Kisha mmoja akasema: "Mama Safwat mpenzi, ukipona usije ukaenda kwa yule Wagdi Tulba. Alimzuia mama yangu kufungua mlango wa mashine. Mama alilia ngazini."

Alilia?

Mwingine akanitetea, Mungu ambariki. Akasema mtu yule si mbaya, ila kwake biashara inaisha droo ikishafungwa. Akasema dukani unaulizwa unataka nini, kwa Mwalimu unaulizwa mko wangapi nyumbani.

Nimelisoma hilo mara nyingi. Uso umewaka moto, na mimi nilikuwa peke yangu.

Halafu nikaona jina ninalolijua. Shahinda. Binti yangu! Anaolewa wiki ijayo. Ameandika kwamba anatamani kuchukua mashine yake kwa Mwalimu, lakini baba yake ni mwenye duka, na akijua atavunjika moyo. Naye hataki watu waseme mtoto wa Tulba kaikimbia mashine ya Tulba.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza yangu ya duka, chini ya picha ya marehemu baba. Nimeifunika simu kama imenimulika usoni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeanza siku nikiwa mtu, nimeimaliza nikiwa kichekesho.

Baada ya swala nilijifungia chooni na simu ya Mama Safwat. Nikamwandikia binti yangu pale kundini, kwa utamu wote wa mama mwenye mguu mbovu: mwanangu, damu ni damu, nunua kwa baba yako. Akajibu hapo hapo. Akasema shangazi yake Fardus alinunua kwa baba. Ilipovuja, baba alimwambia hajui kufua, na hakwenda hata kuitazama. Mwaka sasa hawasemezani. "Sitaki, Mama Safwat, mashine ikiharibika niogope kumpigia baba yangu simu."

Nilikaa pale juu ya choo. Nilianza sentensi nikaifuta. Nikaanza nyingine. Ndipo Rauhiya akagonga mlango kwa nguvu, akauliza kama nimefia humo ndani. Simu ikanitoka, nikaidaka hewani, nikanguruma kwa hasira: "Acha nimalize kumwandikia Shahinda, mwanamke! Anadhani mimi ni Mama Safwat!"

Kidole gumba kilikuwa kwenye kitufe cha kurekodi sauti.

Ulikwenda. Ujumbe wa sauti ulikwenda kwa kundi zima! Nilibonyeza kila kitu ili kuufuta, nikawa nimewatumia na ua la waridi.

Binti yangu alikuwa chumba cha pili. Amenisikia mara mbili, kwanza kupitia ukutani, kisha kupitia simu.

Kisha yule wa supu ya njiwa akaandika: "Mama Safwat, mguu umepona?"

Kutoka chooni ilinilazimu kutoka. Shahinda alikuwa amesimama ukumbini. Hakupiga kelele. Ameniuliza: "Baba, umesoma yote niliyoandika?" Nikasema nimesoma kidogo. "Kidogo kipi?" Nikasema yote. Akatikisa kichwa, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu.

Ningependa avunje sahani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimefungua duka nusu, pazia la chuma likiwa limefika kifuani. Haikusaidia. Wanawake wanainama kabisa ili waniite. "Salamu kwa Safwat!" "Mama Safwat, usisimamie sana huo mguu!" Hata muuza miwa ameleta glasi ya juisi, amesema ni ya mgonjwa.

Kisha akainama mtu mwingine akaingia. Mwalimu Inshirah mwenyewe, anahema, na mkoba wake mkubwa. Nikatafuta friji ya kujificha. Akasema: "Kaa, Bwana Wagdi. Nimewasomesha wanaume wakubwa kuliko wewe kushona vifungo."

Hakugusia mambo ya chooni. Amesema Shahinda alikwenda kwake jana jioni akilia. Nikasema sawa, alikwenda kununua. "Hakuja kununua. Alikuja kuniuliza aongee na wewe vipi. Unaelewa hilo? Mtoto wako amekwenda kwa mtu baki kuuliza jinsi ya kuongea na baba yake."

Nimetazama sakafu. Sakafu ya duka langu naijua vizuri sasa.

Kisha akaniambia shida yake. Kuuza anauza. Lakini magoti yake hayapandi tena ngazi za watu, na mashine ikivuja hajui kukaza hata koki. Wateja wameanza kulalamika kwamba mafundi wa kuokoteza wanachelewa. Mimi nina gari, nina ghala, nina spana za marehemu baba. Yeye awe mdomo, mimi niwe mikono. Faida tugawane. Bwana Adib ataambiwa hivyo. Sharti moja tu: simu ikilia, nipokee. Na nikifika kwa mtu, nisimwambie hajui kufua.

Nikasema nitafikiri. Akauliza nitafikiria nini. Nikakubali. Akapitisha kidole juu ya mashine ya karibu, akakitazama, akasema afadhali.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekwenda Talkha kwa dada yangu Fardus. Sikupiga simu. Niliogopa asipokee.

Amefungua mlango, amenitazama, ameona mfuko wa spana mkononi. Hakusema karibu. Amerudi jikoni, lakini mlango ameuacha wazi.

Mashine iko roshani. Chini yake beseni, juu ya beseni taulo lililochakaa. Nikaisogeza, nikapiga magoti. Kibano cha mpira wa nyuma kilikuwa kimelegea. Kilikuwa hakijakazwa hata siku moja! Na aliyeifunga mashine hiyo ni mimi. Nakumbuka siku ile nilikuwa na haraka, kulikuwa na mechi kwenye televisheni.

Nimekaza. Kazi ya kupepesa jicho. Nimebaki nimekaa sakafuni.

Fardus alikuwa amesimama mlangoni. Akasema: "Mwaka mzima nalimwaga hilo beseni, Wagdi. Mgongo umeisha."

Nikamuuliza kwa nini hakumwita fundi mwingine.

"Kwa nini nimwite mwingine? Fundi ni kaka yangu."

Sikuweza kumtazama. Nikachukua taulo, nikapangusa roshani yote, hata mahali pakavu. Aliniacha nipanguse. Kisha akasema mchuzi wa mlukhiya unapoa, na kwamba kama nimekuja kulia, nilie nikila. Nimekula sahani mbili. Nimelia kwenye ya kwanza tu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Vitu vya Shahinda vimepelekwa leo kijijini kwa wakwe. Magari matatu yenye honi, matandiko, vyungu, zulia, vigelegele njia nzima. Na mashine, juu kabisa. Ameinunua kwa Mwalimu Inshirah, nami nimeipakia kwa mikono yangu mbele ya mtaa. Nilitegemea kucheka kwao. Walicheka. Lakini muuza miwa alishika upande wa pili tukanyanyua pamoja.

Nimeifunga mwenyewe jikoni kwa binti yangu. Kwanza kabisa nimetoa bolti, nikawaonyesha wanawake wote wa upande wa bwana harusi kiganjani, kama daktari anayeonyesha jino. Nikafungua mlango wa mashine, nikasema ingizeni mikono, ingizeni vichwa mkitaka! Mama mkwe ameingiza kichwa.

Walipotoka, Shahinda alibaki. Akauliza: "Ikivuja?"

Nikasema nipigie.

"Na ukiwa na wateja?"

"Wateja watangoja."

Akanibusu mkono. Nikajifanya nakagua mpira wa nyuma, nikakaa huko nyuma ya mashine mpaka macho yakakauka.

Halafu nilipotoka nje, shangazi wa bwana harusi na jirani zake wawili walikuwa wananingoja. Wanazitaka mashine kama ile! Bila taa, bila simu, bila mdomo wa Mwalimu. Wameiona tu ikipita juu ya gari la harusi.

Nimepata wazo. Nimelifukuza. Limerudi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mtu mwenye akili angetulia. Bwana Adib ameukubali mpango wetu. Simu inalia, napokea. Kundi limenirudisha kwa jina langu. Fardus amenitumia njiwa wa kujazwa.

Lakini dirisha si njia, na kundi la simu ni njia ya Mwalimu. Harusi ni njia yangu! Nani ana haja ya mashine kuliko watu wa harusi? Kinachotakiwa ni kuwa ndani. Leo nimevaa suti, nimejaza kadi za duka mfukoni, nimefuata honi mpaka kwenye ukumbi ambao simjui hata mpishi wake.

Mambo yalianza vizuri. Nimekaa na wazee, nimegawa kadi, nimesifia Nadhifa kati ya nyama na wali. Kisha mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza mimi ni nani kwao. Kwa utulivu mkubwa nikasema mjomba wa bibi harusi.

Mzee akasimama. Akapaza sauti: "Jamani, mjomba amefika! Mjomba wa Kuwait!"

Vigelegele! Ngoma zikasimama, zikaanza upya kwa nguvu zaidi. Nikabusiwa na watu wenye ndevu za kila aina. Bibi harusi akaja na shela lake, akanishika mikono, akasema alikuwa mdogo nilipoondoka na kwamba nimenenepa. Mama mkwe wake akasema Mungu ni mkubwa, walishaanza kunidhania vibaya. Kwani ile mashine ya kufulia niliyoahidi iko wapi?

Mtu akanivuta pembeni. Mama wa bibi harusi. Amenong'ona huku akitabasamu kwa watu: "Kaka yangu namjua. Wewe si yeye. Lakini yeye hakuja, simu hapokei, na wakwe wananitazama tangu asubuhi. Mjomba umetaka kuwa mwenyewe. Basi kuwa mjomba."

Nilimtazama usoni. Alikuwa ametabasamu, huku ameung'ang'ania mkono wa suti yangu.

Nimekwenda dukani na suti yangu, nimepakia Nadhifa mpya, nimeipeleka, nimeifunga, nimetoa bolti. Yule mama alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nimetoka pale na aibu ambayo bado sijaipatia mahali pa kuiweka.

Rauhiya ameuliza mashine imeuzwa kwa nani. Nikamwambia ni matangazo. Akazima taa ya jikoni, akaenda kulala.

Nimekaa kulipima jambo hili bila jazba, na kosa nimeliona. Njia ni sahihi kabisa. Nilijipa undugu wa karibu mno, basi. Jumamosi kuna harusi nyingine, ukumbi wa karibu na stesheni. Nitasema mimi ni jirani.